Ng'ombe Uliyemchagua

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, mvua bado, na paa la jikoni tumeshaliziba. Yule ng'ombe uliyemchagua kwenye picha, ukiwa huko kwenye baridi, alifika na kiwele kama mtungi. Lakini joto la huku lilimshinda. Alishinda akihema, ulimi nje, na maziwa yakapungua mpaka yakatosha chai tu. Nilitaka tumbadilishe kwa mtamba chotara, anayevumilia jua na kupe. Mama akakataa katakata.

"Huyu kachaguliwa na mwanangu. Akija asimkute, tutamwambia nini?"

Akatutoa jasho kuhamisha kitanda chako, ng'ombe akaingizwa chumbani kwako, chini ya feni. Umeme ukikatika, Mama alimpepea kwa sinia.

Nilimcheka, kaka. Nikamwambia, "Bado kumwimbia bembelezi tu!" Maneno hayo ndiyo yanayonichoma sasa.

Ng'ombe alikufa Jumatatu. Mama hakulia. Alideki chumba, akatandika kitanda chako upya, kisha akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu atakuja kuangalia nini?"

Mjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba