Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Sendai, Japani
Mwezi wa tatu

Kwako ndugu yangu Mutua,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote walio hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama awe anaamka bila yale maumivu ya magoti, na mvua iwe imeanza kushuka Kathiani. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili kwa sababu zaidi ya hapo sina la kukwambia.

Mutua, najua Baba hayupo.

Nimeanza na hilo ili usisome kurasa zote ukijiuliza kama najua au sijui. Najua alifariki mwezi wa saba, siku ya tatu baada ya kumfikisha hospitali, na kwamba mlimzika upande wa michungwa. Najua pia kwamba barua tano nilizopokea tangu wakati huo, zenye "Baba anasema hivi" na "Baba alicheka aliposikia vile," ulizitunga wewe mwenyewe.

Sikuandikii kukutukana. Nilijaribu mara nne kuandika barua ya matusi nikashindwa. Kila nikifika katikati nakuona umekaa pale mezani, kalamu mkononi, unajiuliza marehemu angesema nini. Basi ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa huku, maana nyinyi mlijua nusu yenu na mimi nilijua nusu yangu.

Mtihani wa wanafunzi wa kigeni niliufanya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi nilikuwa shule ya lugha, mchana niko kiwandani napakia wali na samaki kwenye maboksi, jioni najifunika blanketi na daftari la herufi zao. Herufi mia nilizozishika wiki hii, nusu zilikuwa zimenitoroka wiki iliyofuata. Hesabu zenyewe hazikunitisha. Ni zilezile alizotufundisha Mwalimu Sachiko alipokuja kujitolea shuleni kwetu, kabla hajarudi kwao na kukubali kuwa mdhamini wangu. Lakini swali limeandikwa kwa Kijapani, na usipolijua neno moja tu, hesabu yote inakufia mkononi. Kuna siku nilitoka darasani nikasimama chooni nikalia kwa ajili ya neno moja. Baadaye nikaambiwa maana yake ni "mteremko." Mimi, mtoto wa Kathiani, nimeshindwa na mteremko!

Kila nilipotaka kuacha, barua yako ilifika. Ile ya mwezi wa kumi ndiyo iliyonishika kabisa. Uliandika: "Baba anasema, mwambie Mwikali matuta hayachimbwi kwa siku moja. Anayetazama mlima wote, jembe humwanguka. Achimbe tuta lililo mbele yake." Niliibandika ukutani juu ya meza. Nilimsikia kabisa, hata vile anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito.

Mwezi wa pili niliitwa kwenye mahojiano katika chuo kikuu kikubwa. Walikuwa maprofesa watatu nyuma ya meza ndefu, na mimi nimekaa peke yangu kwenye kiti katikati ya chumba. Wakaniuliza kwa nini nataka kusomea udongo na maji. Nikawaambia kwetu ni milima, mvua ikija inakuja kwa hasira, inabeba udongo wote hadi mtoni, kisha mto unabaki mchanga mtupu. Nikasema baba yangu amechimba matuta maisha yake yote.

"Na baba yako anaonaje wewe kuja mbali hivi?"

"Ananiandikia," nikasema. "Anasema matuta hayachimbwi kwa siku moja."

Yule wa katikati, mzee mwenye nywele nyeupe, akatabasamu na kuandika kitu kwenye karatasi yake. Akasema, "Mwambie baba yako nimeyapenda maneno yake."

"Nitamwambia," nikajibu.

Ndivyo nilivyojibu, Mutua. Nitamwambia. Naye yuko udongoni miezi saba.

Haikupita wiki mbili, Bwana Kioko akaja. Yule jirani yetu anayefundisha uashi chuo cha ufundi. Aliletwa Tokyo kwa mafunzo mafupi, akapanda treni safari yote hiyo ili anipe kifurushi cha Mama: mbaazi kavu, na kile kitambaa cha kichwa cha bluu. Nilifurahi kumwona hadi nikasahau kumkaribisha kiti. Nilimtengenezea chai ya maziwa, na yeye akaanza kuniambia habari za mahindi, za ng'ombe wa kanisa, za nani ameoa. Mimi nacheka. Kisha akaweka kikombe chini.

"Lakini pole sana, Mwikali. Pole kwa mambo ya mzee."

"Mzee gani?"

"Mzee wenu. Wewe ulikuwa mbali, lakini usijilaumu. Tulimzika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani."

Nilimwambia amekosea, ni mzee mwingine. Nikasimama nikaitoa barua yako ukutani nikamwekea mbele. "Huyu hapa ananiandikia. Ona. Hii ni ya mwezi wa kumi."

Aliisoma. Alipomaliza hakuinua uso. Akamtaja Mungu, "Ngai wangu," kisha kwa sauti ndogo, "Huu ni mkono wa Mutua."

"Mutua ndiye huandika. Baba anasema, Mutua anaandika. Imekuwa hivyo siku zote."

"Mwikali. Mimi ni mmoja wa wale walioshika jeneza."

Hapo ndipo nilipojua. Bwana Kioko aliogopa akataka kwenda kutafuta mtu. Masikini, hakuwa na kosa, alidhani natembea na msiba wangu kama mtu mwingine yeyote. Sijui kama Mama alisahau kumwonya, au alimtuma makusudi kwa sababu yeye uongo ulikuwa umemchosha. Muulize. La, usimuulize.

Mwalimu Sachiko aliporudi kutoka kazini alitukuta hivyo. Mimi naishi chumba cha juu katika nyumba ya mama yake, unajua, nao wamenitunza kama mtoto. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana Kijapani chote kilikuwa kimenitoka: "Mwalimu, Baba yangu amekufa." Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Alipiga magoti pale pale mlangoni, koti lake bado lina theluji, akainamisha kichwa hadi sakafuni.

"Samahani," akasema. "Mimi najua. Tangu mwezi wa nane, mimi najua."

Ulimwandikia. Ulimwomba anyamaze hadi nimalize mitihani. Nilikumbuka mwezi wa nane, wakati wao wanapowakumbuka wafu wao, aliweka machungwa mawili mbele ya picha ya marehemu baba yake. Nikamuuliza la pili ni la nani. Akasema ni la mgeni. Kesho yake alinipa nilile, nikalimenya nikiwa nimesimama, nikasema ya kwetu ni matamu zaidi.

Baada ya hapo siwezi kukueleza siku zilivyokwenda. Sikwenda shule, na huku usipohudhuria darasa kibali chako cha kukaa kinaingia hatarini. Sikwenda kiwandani. Mama yake Sachiko, mwanamke wa miaka themanini ambaye hatuelewani hata maneno ishirini, alikuwa akiniletea uji wa wali, anakaa kando ya godoro langu akishona. Nilitaka kurudi nyumbani. Sachiko akanieleza taratibu kwamba nikiondoka sasa nitakosa mahojiano ya chuo cha pili, na muda wangu wa shule ya lugha unaisha mwezi wa tatu, kwa hiyo hakutakuwa na kitu cha kurudia huku. Nikamuuliza, "Nikifika nyumbani nitamkuta?" Akasema hapana. Basi nikabaki. Nilibaki kwa kukosa nguvu ya kuondoka, usinihesabie kuwa ni ujasiri.

Matokeo ya chuo kikubwa hubandikwa nje kwenye ubao, namba tupu bila majina. Nilikwenda. Namba iliyo kabla ya yangu ilikuwepo, na iliyo baada ya yangu ilikuwepo. Kando yangu msichana mmoja aliruka na kumkumbatia baba yake. Nilisimama pale hadi vidole vya miguu vikafa ganzi. Sikuwa nalia. Niliwaza tu kwamba yule profesa mzee ameyaandika maneno yako kwenye karatasi yake, naye anadhani ni ya Baba.

Chuo cha pili ni kidogo, kiko kaskazini zaidi, huko theluji inafika madirishani. Sachiko alinivalisha kama mtoto akanipeleka kwa treni. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja. Waliniuliza mambo ya udongo nikajibu kama mtu anayeota. Kisha profesa mmoja mwanamke akauliza, kwa wema tu, kama wazazi wangu hawajambo.

Katika lugha yao kuna neno la heshima la kumtaja marehemu wa mtu mwingine, na kuna neno lingine la kumtaja wa kwako. Nilijifunza yote mawili. Siku ile sikupata hata moja. Nikasema kama vile mtoto mdogo angesema kuhusu kuku: "Baba yangu amekufa. Nimejua mwezi uliopita."

Yule mama akaniuliza, "Unataka tuendelee, au ungependa kupumzika?"

Nikasema, "Sijui."

Hilo ndilo jibu la kweli zaidi nililotoa tangu nifike nchi hii.

Mutua, wamenichukua. Bahasha ilikuja Jumanne iliyopita, nene, na fomu nyingi ndani. Sachiko alipiga kelele hadi mama yake akatoka bafuni na taulo. Mimi nilisoma jina langu mara tatu. Mwikali Musyoka, Kitivo cha Kilimo, idara ya udongo na maji. Kisha nikaenda kuosha vyombo.

Siku hiyo nilikuwa nimeipanga tangu nitoke nyumbani. Ningeandika kwa herufi kubwa, wewe ungempelekea Baba shambani na kumsomea, naye angejifanya hajasikia ili usome tena. Nilijua hata angesimama wapi. Sasa nimeipata ile barua na sina wa kujifanya hajasikia. Nimekubaliwa, na ndani yangu ni kama nyumba iliyohamwa.

Watu hunipongeza darasani. Nainamisha kichwa, nasema asante. Nimekuwa hodari wa kusema asante.

Kuna jambo la fomu. Moja inataka sahihi ya mzazi, kwamba anakubali nijiandikishe. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sachiko amezungumza nao na wamekubali ifike kwa kuchelewa. Kabla ya kuituma niliitafuta nakala ya fomu kama hiyo niliyoipeleka mwezi wa kumi kwa chuo kilichonikataa. Sahihi ya Baba iko pale chini, na ule mkia unaotetemeka kwenye herufi ya mwisho. Uliiga hata kutetemeka kwake. Niliitazama kwa muda mrefu, nisijue kama nilie au niogope. Niliwapelekea watu hawa mkono wa maiti, nami nikainama kwa adabu nikiwapa. Safari hii mpe Mama aweke yake mwenyewe. Kama kalamu inamsumbua, aweke kidole gumba. Wewe usiiguse.

Nitajiandikisha mwezi wa nne. Sikwambii hivi ili ufurahi. Sachiko ameshanunua blanketi zito na viatu vya theluji, na mimi sina mahali pengine pa kwenda.

Najua kwa nini mlifanya hivyo. Nimelifikiria kwa kila upande. Mngeniambia mwezi wa saba, ningefunga sanduku siku ileile, na leo ningekuwa hapo nyumbani bila Baba na bila chuo. Huenda mlikuwa sahihi. Lakini mlinyoa nywele bila mimi. Mlikula chakula cha matanga bila mimi. Mwezi wa tisa nilimnunulia Baba soksi za sufu nikazituma, nawe ukaniandikia kwamba zimemtosha. Zimemtosha, Mutua? Nani amezivaa?

Msalimie Mama, mwambie mbaazi nilizipika na kitambaa nakivaa. Msalimie susu, bibi yetu, na mrudie mara mbili kwa sababu ya masikio yake. Msalimie mke wako, wifi yangu Mbithe. Sijui yeye alinyamazaje muda wote huu, ila nadhani hakulala vizuri. Bwana Kioko akirudi asigombezwe na mtu. Alilia kuliko mimi.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na baada ya hapo sitalirudia jambo hili. Niandikie siku zile tatu za hospitali. Niandikie alilala upande gani, alikuwa na nani, alisema nini. Kama aliniita, niambie aliniita. Kama alisema nisiambiwe, niambie ni yeye aliyesema. Na kama hakunitaja kabisa, kama alikuwa na maumivu akaomba maji tu, basi niandikie kwamba aliomba maji. Nitalichukua hivyohivyo. Lakini usinipambie, ndugu yangu. Usinitungie hata neno moja.

Ni mimi dada yako, mtoto wa Musyoka kama wewe,

Mwikali