Haikuwa Baridi, Mama

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku Uskoti, wewe na wote mlio nyumbani. Natumaini goti limetulia, na kwamba zile dawa hukuziacha nusu kama za mwaka jana. Kendi aliniandikia kwamba mvua bado haijafika Ruiri na yule ng'ombe mweupe amepunguza maziwa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kanisani naenda kila Jumapili ambayo zamu inaniruhusu. Mungu amenitendea mema mwaka huu kuliko nilivyostahili, na hiyo ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati tunaonana kwenye simu. Ni kwa sababu tunaonana tu. Tangu masikio yako yakatae, kila neno langu lazima lipitie kwa Kendi akuandikie kwenye daftari, na kuna mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na mmoja hafai kubebeshwa juu ya mama yake. Nami najua unasoma Kiswahili vizuri tangu lile darasa la watu wazima pale kanisani. Kwa hiyo nimeandika herufi kubwa. Tafuta miwani, keti mahali penye mwanga, usome peke yako.

Unakumbuka siku ile mwezi wa sita, uliponyoosha mkono mbele ya simu, ukautetemesha, kisha ukaninyooshea kidole? Ulikuwa unaniuliza mbona mkono wangu unatetemeka. Mimi nikajikumbatia, nikapuliza viganja, kukuonyesha ni baridi. Ukanitazama kidogo, halafu tukaendelea na kazi yetu ya kusokota. Mama, haikuwa baridi. Siku hiyo jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, hata Mzee ninayemtunza alikuwa amevua koti. Nilikudanganya, na tangu siku hiyo nimetembea na huo uongo kama mtu aliye na jiwe kwenye kiatu.

Mambo yalianza hivi. Yule bibi niliyekuwa nikimtunza kwanza, yule aliyependa kuimba, alifariki mwezi wa kwanza. Hilo nilikuambia. Sikukuambia kwamba alifia mikononi mwangu nikimnywesha chai ya asubuhi, na kwamba theluji ilikuwa imefunga barabara, nikakaa naye peke yangu mpaka mchana ndipo watu wakafika. Nilimfumba macho, nikamchana nywele, nikaketi kando yake. Sikulia. Wiki iliyofuata kampuni iliyoniajiri ikanipeleka kwa mzee mwingine, nikaenda, na mikono ikaanza kutetemeka. Haikutetemeka wakati wote. Ilitetemeka nikishika kikombe, nikihesabu vidonge, nikifunga kifungo cha shati la mtu.

Nilificha. Vikombe nilivijaza nusu. Vidonge nilivihesabu nikiwa nimeegemeza viwiko mezani. Nilijiambia kwamba wakijua wataniondoa, maana nani atamwachia mgonjwa mtu ambaye mikono yake haitulii? Na kibali changu cha kukaa huku kinategemea kazi hiyo hiyo. Nikiwapigia simu nilikuwa naishika karibu na uso, ili mwone kichwa tu.

Huyo mzee niliyepelekwa kwake anaitwa Ewan. Alifuga kondoo maisha yake yote. Mke wake alifariki, miguu ikamwisha nguvu, kondoo akawauza, sasa amebaki kwenye nyumba ya mawe mlimani, yeye na dirisha lake. Si mtu wa maneno mengi. Mwezi wa tano nikimnyoa ndevu nilimkata shavuni. Kidogo tu, lakini damu ilitoka, nami nikasimama pale na wembe, sijui niuweke wapi.

"Mikono yako imetetemeka tangu siku ya kwanza," akaniambia. "Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwomba asinishtaki kwa kampuni. Alifikiri mpaka povu la sabuni likaanza kukauka usoni.

"Sitakushtaki. Utajisema mwenyewe. Lakini usikawie, maana shavu ni langu."

Siku chache baadaye aliniuliza watu wa kwetu wanafuga nini. Nikamweleza kuhusu ng'ombe, mbuzi, na kondoo wachache wa mjomba Murithi. Nikamwambia pia kwamba mama yangu amesokota sufu kwa zaidi ya miaka ishirini na kikundi cha akina mama, na kwamba gurudumu lake la kwanza lilitengenezwa kwa baiskeli iliyokufa. Akageuka kwenye kiti akanitazama vizuri. Akataka kujua kama mimi pia nasokota. Nikasema hapana, sikutaka kujifunza. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanituma kwenye banda nilete gunia lililokuwa juu ya mbao, na ndani yake mlikuwa na sufu ya kondoo wake wa mwisho, nzima kama ilivyotoka mgongoni. Kando yake kulikuwa na kijiti cha kusokotea cha marehemu mkewe, kile chenye kisahani cha mbao upande wa chini, unachokizungusha kikaning'inia kwenye uzi.

Mzee anajua kila kitu kuhusu kondoo mpaka wanaponyolewa. Kutoka hapo ilikuwa kazi ya mkewe, na yeye hakuwahi kutazama. Nilijaribu siku mbili. Uzi ulikatika, kijiti kikaanguka kwenye vidole vya miguu, sufu ikajaa mazulia. Ndipo nikawapigia nyinyi simu.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaseme jinsi nilivyoyaona mimi. Kendi aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Wewe ulikuwa unachambua maharagwe. Ulipoona nilichoshika, ulisukuma ungo kando, ukasogea mpaka nikaona nywele zako tu, halafu ukamtuma mtoto chumbani alete sufu yako. Hukuuliza kwa nini. Baada ya miaka yote niliyokataa, ulikaa tu ukaanza: mkono wa kushoto unabana, wa kulia unavuta, kisha kidole kimoja juu, maana yake ngoja, acha msokoto upande wenyewe. Nikikosea ulijipiga kofi mkononi. Nilipotaka kufikicha sufu ndani ya beseni, ulitikisa kidole mbele ya simu kama unafukuza kuku. Na siku moja ulinichoka kabisa, ukageuza simu ikabaki inamtazama ng'ombe, nami nikakaa huku dakika nzima nikitazamana naye.

Kila alasiri Mzee akisinzia baada ya chakula, huko kwenu ikiwa jioni umeshakama, tulikutana. Hakuna aliyesema neno. Kendi alikuwa anatuacha anaenda kucheza. Nakwambia kweli, Mama, tangu nizaliwe sijawahi kukaa nawe muda mrefu hivyo bila kugombana.

Huku kiangazi ni kifupi lakini siku zake ni ndefu, na hiyo kazi ilijiingiza kila mahali. Asubuhi uji ukichemka, nilisokota nimesimama jikoni. Jumanne ni siku yangu ya kupumzika, nilikibeba kijiti kwenye mfuko wa plastiki niliouning'iniza mkononi, nikasokota kituoni nikingoja basi. Mara ya kwanza niliona aibu. Mara ya tatu mama mmoja wa huko alinisogezea mwavuli sufu isilowe. Nilisokota kliniki tukingoja Mzee aitwe. Nilisokota nikiwa nimeketi kwenye ukuta wa mawe, sufu niliyoosha ikikauka pembeni. Rafiki yangu Wawira, yule nesi wa Embu ninayeshinda naye Jumapili, alinicheka sana. Aliniambia mtu hawezi kutoka Meru, apande ndege, aje kusokota sufu Ulaya wakati kwao kondoo wapo. Jumapili iliyofuata alifika akauliza kama kuna kijiti kingine.

Na kuna kitu nilikiona polepole. Uzi ukitembea, mikono haikutetemeka. Nikiacha, ilirudi. Mwanzoni ilirudi mara moja, baadaye ilikawia. Jioni moja nikisokota dirishani nilimkumbuka yule bibi, na chai yake, na theluji, machozi yakaja. Nililia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Alizima redio, akaniacha nilie.

Sasa nikuombe msamaha kwa jambo la zamani. Nilipoingia kidato cha kwanza ulinifumia sweta kwa sufu uliyoisokota wewe, ukaitia rangi ya kijani. Haikuwa kijani kile cha shule. Lilikuwa zito, na likilowa lilinuka kondoo. Wasichana walinusa wakaniuliza kama ninalala na mifugo. Nilikuambia sweta limeibiwa. Halikuibiwa. Lilikuwa chini ya sanduku langu muhula wote, nami mwezi wa saba nilitetemeka darasani kwa baridi, baridi ya kweli hiyo, kwa sababu ya kiburi. Kiangazi hiki nimesokota sufu ya kondoo mmoja kwa miezi mitatu, na bado haitoshi sweta la mtu mzima. Sasa nimejua lile la kwangu lilikugharimu jioni ngapi, ukitoka shambani, ukiwa bado hujaandaa chakula. Nisamehe, Mama. Na asante, ingawa imechelewa miaka zaidi ya ishirini.

Mwezi wa nane Mzee alifanyiwa upasuaji wa jicho, wakampa dawa ya kutiwa tone kwa tone mara nne kwa siku. Siku ya kwanza nilisimama juu yake na kichupa, nikaona mkono unaanza. Nikakiweka chini. Mzee alikuwa amelala chali na jicho wazi, ananingoja. Sikuweza. Nikatoka nje nikampigia msimamizi wangu nikamwambia yote, kuanzia yule bibi. Nilisema haraka kabla sijabadilisha nia. Tayari nilikuwa nawaza nitakavyowaeleza nyinyi kwamba nimerudi nyumbani bila kazi.

"Ulikaa naye peke yako mpaka mchana?" akauliza. "Na hakuna aliyekuuliza umelala vipi?"

Alasiri hiyo alikuja mwenyewe, akatia dawa, akaketi jikoni akanywa chai na mimi. Akapanga nesi awe anapita kwa ajili ya jicho, na mimi nimwone daktari. Daktari alinipima akasema mikono haina ugonjwa. Alisema mwili ulibeba msiba ambao sikuupa nafasi. Sasa kila Alhamisi nazungumza na mama mmoja mshauri, nalia kidogo, narudi kazini. Hakuna aliyenifukuza. Miezi saba niliogopa kitu ambacho hakikuwepo.

Sitakudanganya tena kwamba nimepona kabisa. Kuna siku mikono bado inatetemeka. Lakini wiki ya mwisho ya dawa niliomba kuitia mwenyewe, na matone yote yaliingia mahali pake. Mzee alipepesa jicho, akaomba chai, na mkate usiwe wa jana.

Barua hii anakuletea Wawira, anakuja likizo kwao Embu. Ataiacha Makutano, kwenye lile duka la dawa la binamu yake, Mjomba Murithi aichukue. Ndani ya kifurushi kuna mashada matatu ya uzi. Lile lenye mafundo ni la mwezi wa sita. Lile la katikati ni la siku ulizokuwa ukijipiga makofi. La mwisho nalisifu mwenyewe. Ukipata muda mfumie Kendi kofia. Kama kuna mahali uzi ni mbaya, mpe mjomba afungie mlango wa banda.

Msalimie sana Mjomba Murithi, umwambie Mzee Ewan anauliza kondoo wake wana miguu ya rangi gani. Msalimie kaka yangu Kirimi huko Laare, pamoja na mkewe, na Kirimi apunguze kuendesha bodaboda kama mtu anayefukuzwa. Wasalimie akina mama wote wa kikundi, hasa mwenyekiti, aliyeniambia nikiwa mdogo kwamba siku moja nitaitafuta hiyo kazi mwenyewe. Mwambie alisema kweli, lakini asijisifu sana. Msalimie mchungaji. Na Kendi umkumbatie kwa nguvu mpaka alalamike. Yeye mwambie tu kwamba mama yake alikuwa amechoka na sasa anapumzika vizuri. Mengine nitamweleza akikua.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata mistari miwili. Usimpe mtoto akuandikie. Na ukimaliza kusoma, mwambie anipigie ile video ya kila alasiri. Siku hiyo sitashika sufu wala kijiti. Nataka tu tukae tutazamane.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kathure