Siku Mama Alipokwenda Kutazama Judo

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Shemeji hajambo, na mapacha? Na kifua chako, kimepona au bado unakohoa huku unajifanya mzima? Sisi tu wazima. Mimi naendelea kuhangaika na mafriji ya watu, mgongo unalalamika kidogo, lakini si neno.

Nina habari za dada yako Chuma, kwa hiyo kaa chini usome vizuri.

Unajua Mama hakuwahi kwenda kumtazama, miaka tisa yote. Kwake judo ni ugomvi uliovalishwa koti. Sasa Chuma kaingia mashindano, yake ya mwisho kabla hajaanza kufundisha, akaniomba jambo moja tu: nimlete Mama. Aliomba huku anafunga kamba za viatu, hanitazami, nikajua limemkaa rohoni.

Nikambembeleza Mama kwa jina la mchezo wenyewe. Nikamwambia kwa Kijapani "ju" ni ulaini, upole, na "do" ni njia. Zamani walikuwa na jujutsu, yaani ufundi wa ulaini, halafu mwalimu mmoja akachagua kusema njia, maana alitaka mchezo umfunze mtu kuishi, si kuangusha wenzake tu. Mama akaendelea kukanyaga cherehani.

"Upole gani wa kumbwaga mtoto wa mwenzio sakafuni?"

Lakini jana alivaa, akachukua mkoba wake, tukaenda.

Basi bwana, Chuma akafika fainali. Mpinzani wake, binti mmoja fundi rangi wa magari, alitoka nusu fainali koti lake limechanika begani, na hana la akiba. Asipopata koti, Chuma anapewa ushindi bila jasho. Unajua Chuma alichofanya? Alikwenda kumwomba mwamuzi dakika kumi, kisha akamletea mwenzake koti lake la pili. Likampwaya, mikono ikafunika vidole, mwamuzi akalikataa.

Mama akaniuliza, "Huyo si ndiye anayepambana naye?"

Nikasema ndiye. Nikamwona anashuka ngazi, anapokea lile koti lililochanika, anaketi kwenye benchi na kutoa sindano mkobani. Alishona mara mbilimbili, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Chuma alishindwa. Alishikwa barabara, akapinduliwa, chali, kwisha. Akainuka, akamwinamia mwenzake, akamwekea sawa mkanda uliolegea. Nimemwona akishinda mara nyingi, Kitinda, lakini sijapata kumwonea fahari kama jana.

Tulipotoka nje akaanza kumwomba Mama radhi kwamba amemleta kuona anashindwa. Mama akamkatiza.

"Miaka tisa nimekaa nikisema mwanangu anafundishwa ukatili. Nimekosa mimi. Nisamehe."

Wewe lini umemsikia Mama akisema hivyo? Dada yako, aliyebwagwa mara elfu bila kutoa chozi, alilia begani mwake pale pale mlangoni, watu wanapita. Mimi nikajidai natafuta funguo.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi, na Baba Mdogo. Wabusu mapacha. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Nikupendaye siku zote,
Kaka yako mkubwa