Joka Lenye Mafua

Kaka yangu,

Sisi huku wazima. Bomba la jikoni limeshatengenezwa, na mwanao ameng'oka jino la mbele. Siku hizi akicheka anafunika mdomo kama bi harusi.

Kitabu chako kilifika. Jalada linang'aa, joka limetandaza mbawa. Nilijigamba nacho saluni mpaka wateja wakanichoka. Jioni tukaanza kusoma. Wafalme, mapanga, vita, majina ya kuvunja ulimi. Mtoto alisikiliza kwa adabu, kama mgeni. Kisha akaniuliza, "Shangazi, lile joka lililopiga chafya likaunguza pazia letu liko wapi?"

Nikamwambia asubiri, liko mbele. Kaka, tumesoma mpaka ukurasa wa mwisho. Joka lako halina hata mafua.

Umelisahau? Ulikuwa ukimsimulia kila usiku, ukipiga chafya mpaka jirani anagonga ukuta. Ulipoaga kwamba unakwenda mbali kuandika kitabu cha joka, alijua ni hilo. Ndiyo maana hakulia.

Sikulaumu sana. Huenda wenye kuchapisha hawataki majoka yanayougua. Lakini ningejua, ningekusihi ubaki nalo hapa hapa.

Picha yako ya nyuma ya kitabu ameikata, ameibandika juu ya kitanda chake. Kitabu chenyewe amenirudishia. "Mtunzie baba," akasema. "Akija nitamsimulia kile kisa chetu, maana amekisahau."

Ni mimi, dada yako. Pazia bado ni lile lile.