Shali Aliyoianza Emmaculate

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baridi ya mwaka huu imetukomoa. Nimeshika ile shali leo. Aliyeianza ni Emmaculate, mama yake Bridget, mke wa mwanangu Muriithi; mkwe mwenzangu. Tulimzika Juni kule kwao Vihiga. Aliiacha nusu, ndani ya mfuko, sindano zikiwa bado kwenye vitanzi. Uzi mweupe, laini, wa bei. Nilimwambia Bridget ailete niimalize. Mimi kitu kikikaa nusunusu naumwa na kichwa.

Kusema kweli kuna wivu kidogo. Kwani nani atasoma hapa? Mjukuu ni wetu sote wawili, lakini yeye ndiye aliyewahi kuanza. Basi mimi nitamaliza!

Jumanne, 5 Agosti

Bridget amepitia kibandani hapa Mwihoko. Nilikuwa kwenye mashine, nafuma sweta za shule. Mimba yake ni miezi minane sasa, tumbo limeshuka. Anatembea kama amebeba mayai. Simlaumu. Wawili wa kwanza hawakukaa — mmoja miezi mitano, mwingine saba.

Akaniambia, "Mama, fuma yote lakini usifunge."

Mambo ya mama yake. Vitanzi kumi na viwili vya mwisho vinabaki kwenye sindano mpaka mtoto alie. Akishalia, nyanya anavifunga palepale. Ukifunga mapema, mtoto anaona kazi imeisha bila yeye. Haoni haja ya kuja.

Nikamwambia sawa. Moyoni nilicheka. Hata sisi Wakikuyu hatununui nguo kabla ya mtoto, lakini hiyo ni tahadhari tu. Fundi gani anaacha vitanzi vikining'inia?

Ijumaa, 8 Agosti

Mistari thelathini kwa siku nne! Kwa mkono, jioni, baada ya mashine kunichosha mgongo. Na inapendeza. Mahali pake na pangu panajulikana: yeye alifuma akivuta sana, mimi nalegeza. Ukipapasa, unajua hapa ni Emmaculate, hapa ni Magdalene.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi saa kumi jioni. Mistari yangu yote thelathini haipo.

Niandike polepole. Shali ilikuwa kwenye kiti, pale nilipoiacha asubuhi. Sindano zimerudi kwenye mstari wa mwisho wa Emmaculate. Ule hasa. Uzi wangu umefumuliwa na kuzungushwa ukawa donge la kubana, mfano wa yai. Mimi donge langu huwa la duara.

Na uzi umenyooka. Hilo ndilo limenikalisha chini. Uzi uliofumuliwa hubaki umejikunja mpaka uuoshe na uuanike. Huu ulikuwa umenyooka kabisa, na nikiushika una unyevu. Kwa baridi hii ungekauka saa ngapi?

Kufuli ni zima. Ufunguo huwa shingoni mwangu, naoga nao.

Jumapili, 10 Agosti

Kutoka kanisani nikakutana na Nzisa wa mlango wa pili akianika nguo. Nikamuuliza kama jana aliona mtu kwangu.

"Si ulikuwa ndani wewe? Nilisikia ukibembeleza mtoto. Mama Muriithi, kumbe unajua kuimba Kiluhya!"

Nikacheka naye. Nikaingia ndani. Nikafunga mlango.

Sijui Kiluhya. Hata salamu zenyewe huwa nazichanganya.

Jumanne, 12 Agosti

Sasa shali natembea nayo. Kibandani, dukani, hata chooni, Mungu anisamehe. Nafuma wateja wakingoja. Haikufumuliwa tena. Kumbe inafumuliwa nikiwa sipo tu.

Nimepata hasira. Ndiyo, naogopa, lakini hasira ni zaidi. Leo nimesema kwa sauti: Emmaculate, tulikuzika vizuri, nilichinja mbuzi wangu, nilikesha wiki nzima na nzi wa kwenu. Pumzika! Hutaki tu mtoto afunikwe na kazi ya mkono wangu.

Mteja aliyekuja kuchukua sweta alikuwa mlangoni, akaniuliza naongea na nani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefika. Vimebaki vitanzi kumi na viwili.

Asubuhi yote viko kwenye sindano vinanitazama. Subira huvuta heri. Lakini mpaka Septemba? Nikiiacha peke yake siku moja tu, ataifumua tena, kazi ya wiki iende. Ikifungwa, haifumuki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba mikono ilikuwa inawasha.

Saa kumi kasoro nikafunga. Kimoja, cha pili, cha tatu… Cha kumi na mbili nikapitisha uzi, nikavuta.

Aai, ile raha! Nimefuma sweta maelfu, nilianzia kwenye kiwanda kule Thika, lakini mashine haikupi hii. Niliitandaza kitandani. Pembe nne sawasawa. Hata pale mstari wake na wangu inapokutana pamelala vizuri. Mwisho wa uzi nikauzamisha ndani ya mfumo, huku na huku, kwa ufundi wangu wote, mpaka mimi mwenyewe sikuuona tena. Nikaiweka shavuni. Nikalia kidogo, kwa furaha.

Bridget simwambii. Mtoto akija nitajifanya nafunga.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeiacha nyumbani makusudi, kama kumjaribu. Jioni nimeikuta vilevile. Nzima. Nzisa hakusikia wimbo.

Nimeshinda. Mbona basi sijala?

Jumamosi, 16 Agosti

Saa mbili asubuhi. Bridget amepiga simu kutoka Murera, wanakoishi. Mtoto hachezi. Alidhani amelala tu, akanywa maji baridi, akalalia ubavu. Hakuna kitu. Tangu lini, nikamuuliza. "Tangu juzi jioni, Mama. Kama saa kumi."

Muriithi wangu anatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Halafu Bridget akashusha sauti, ili mumewe asisikie. "Mama, shali iko kwa sindano bado, sindio?"

Nikamwambia, "Iko, mwana wakwa, mwanangu. Kumi na viwili. Nimevihesabu sasa hivi."

Ngai, Mungu wangu, nilisema hivyo. Ulimi haukukwama hata kidogo.

Saa tatu. Natafuta mwisho wa uzi. Siupati. Nimepapasa pembe zote nne, nimeipeleka dirishani, nimevaa miwani miwili. Nimeuficha mno! Nimeshika mkasi, nikauweka. Kitambaa cha mtoto hakikatwi kabla hajakivaa, hilo hata kwetu tunalijua. Nikauchukua tena. Nimeuweka.

Na mstari ule wa kufungia — niliulegeza, kama kawaida yangu. Leo umebana. Sindano haipiti.

Saa tatu na nusu. Nimeitandaza kwenye kiti, pale ilipokuwa siku ile. Nikatoka, nikafunga mlango kwa kufuli. Nimekaa nje kwenye ngazi na daftari hili. Si hufumua nikiwa sipo? Basi sipo.

Emmaculate, ni mimi nilikosa. Si Bridget, si mtoto wake. Mimi na kiherehere changu. Fumua. Fumua mpaka kwako, fumua yote, sitashika tena hata kitanzi kimoja. Mjukuu ni wako.

Nzisa amepita na ndoo, akauliza kama nimepoteza ufunguo. Nimemwambia hapana, nampisha mwenye kazi. Ameniangalia vibaya, ameondoka bila kuaga.

Nimebandika sikio mlangoni. Kimya.

Muriithi anapiga. Sishiki bado, mpaka shali ifumuliwe. Watakuwa wamefika hospitali, au hawajafika, au ni daktari. Simu inatetemeka pajani. Imekatika. Anapiga tena.

Ndani bado kimya. Emmaculate, haraka…