Vikopo Visivyorudi vya Lumemo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hatujambo, na mpunga umechanua. Unaniuliza kutoka huko Dar kwa nini wanawake wa Lumemo hawarudishi vikopo vya kuwekea choo cha kupimwa, na utafiti wako wa uhusiano kati ya bakteria wanaotengeneza histamini, hiyo kemikali unayosema huleta mwasho na uvimbe mwilini, na vivimbe vya utumbo mpana umekwama.

Nilipokuwa msichana, shuleni Kiberege tuliagizwa kupeleka choo katika visanduku vya kiberiti ili kipimwe minyoo. Rafiki yangu Magreti, aliyeumwa tumbo, aliwaonea haya wavulana, akapeleka cha mdogo wake.

"Wewe mzima kabisa!" mganga wa zahanati akamwambia baada ya kukipima.

Tumbo likazidi. Muuguzi wa zahanati akagundua kwamba choo kile hakikuwa chake, akasema, "Wasichana, leteni nyumbani kwangu." Magreti akapeleka chake, akatibiwa, akapona.

Basi, wanawake wa hapa nao wanaona haya; vikopo vipokelewe hapa nyumbani kwangu, si kwenye foleni ya zahanati. Changu kiko tayari. Mtu wako aje kukichukua mapema, jua ni kali.

Bibi yako