Nyumba Uliyonunua, Ardhi Usiyonunua

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako amepoa homa, na kaka yako amepata kazi Changamwe. Unalalamika kwamba bei ya nyumba mmeshaelewana na muuzaji, kisha wakili anadai ujira wake, ada ya upekuzi wa ardhi na ushuru wa serikali. Lalamika, lakini lipa, na upekuzi wa kujua ardhi imeandikwa kwa jina la nani uwe wa kwanza.

Miaka ya arubaini, nami mdogo, baba alinunua nyumba ya udongo Kisauni. Fatiha ikasomwa, kahawa ikanywewa. Kuuliza hati baada ya hapo aliona ni kumvunjia muuzaji heshima. Hatujamaliza kupaka chokaa, akaja mwenye shamba.

"Nyumba umenunua, bwana, lakini ardhi ni yangu. Iondoe."

"Nyumba ya udongo huondolewaje?" baba akauliza.

"Wallahi sijui. Mimi nina ardhi tu."

Na sheria ilikuwa upande wake: huku Pwani nyumba iliweza kuwa ya mmoja na ardhi ya mwingine. Wako wanaoiita haki. Mimi naiita wizi uliopigwa muhuri, na nitaiita hivyo mpaka kaburini. Lakini hasira haiezeki paa. Baba aling'oa mlango, madirisha na boriti, tukahamia kwa shangazi. Kuta zilibaki pale. Mvua za masika zikaziyeyusha, zikawa udongo wa mwenye shamba.

Basi muulize muuzaji wako ardhi ni ya nani, hata akinuna. Baba yangu aliogopa mtu kununa, akafa mpangaji.

Babu yako akuombeaye,
Likoni